Mashahidi wa Meza ya Pirohi

Zelena, Saskatchewan
9 Septemba 2006

Mdogo wangu Nadia,

Asifiwe Yesu Kristo. Mimi mzima, ila goti linanisema kila asubuhi, na jicho la kushoto bado lina ukungu ingawa daktari anaapa alishautoa ule mtoto wa jicho wote. Mvua ilituhurumia, ngano imevunwa ikiwa kavu, na fungu langu liko ndani ya ghala la bati nyuma ya banda. Padri mpya ni kijana, anaimba vizuri, anahubiri vibaya. Marusia amevunjika kifundo cha mkono na bado anakuja kufinya unga wa pirohi za viazi kanisani kila Jumatano, kwa mkono mmoja, na bado anatushinda.

Sasa habari kubwa. Mwanao yuko hapa. Hukuniambia kama anakuja. Nilisikia gari uani nikadhani ni yule mwuza mbegu, nikatoka na ufagio nimfukuze, kumbe ni Danylo amesimama pale na begi, amenenepa, anacheka. "Mama Mkubwa," ananiambia, "utanipiga kabla hujanipa chakula?" Amekula supu yangu ya borshti, sahani baada ya sahani. Amerekebisha ngazi za mbele na bomba la jikoni. Tangu Stefan wangu afariki hapajawa na mwanaume wa kugonga misumari katika nyumba hii, na nakiri nilisikia raha kusikia nyundo.

Anasema si vizuri niende benki na jicho hili. Anasema nimwandikie hati ya uwakilishi, ili auze ngano na alipe bili kwa niaba yangu. Nilimjibu kwamba maishani mwangu nimetia sahihi mara mbili tu, ya ndoa na ya mazishi ya Stefan, na zote mbili ziliniumiza. Alicheka mpaka akakohoa. Lakini kesho yake akaniuliza tena.

Wewe uliwahi kuandika hati ya namna hiyo, nakumbuka, ulipofanyiwa upasuaji wa nyonga. Niambie ni kitu gani na inatiwaje sahihi. Simu siitaki, masikio yangu yanameza nusu ya maneno, na Danylo ndiye anayeipokea siku hizi.

Halafu, mbona bahasha yako ya mwisho ina anwani nyingine? Nyumba yako ya Hamilton imekwenda wapi?

Dada yako akupendaye,
Olha


Hamilton, Ontario
24 Septemba 2006

Dada Olha mpendwa,

Nimefurahi kusikia ngano imeingia ikiwa kavu. Mimi sijambo. Nyonga inauma baridi inapobadilika, mengine yanavumilika. Kuhusu anwani, zile ngazi zilikuwa nyingi kwa mtu wa nyonga ya chuma. Nimepata chumba kidogo, kina joto, mwenye nyumba ni Mreno mpole. Basi tuyaache hayo.

Sikujua kama Danylo yuko kwako. Nilidhani yuko Calgary. Ni muda hatujaongea.

Umeniuliza kuhusu hati, na hili nitakujibu kwa urefu, kwa hiyo vaa miwani. Si kitu kimoja, dada. Ipo hati ya jambo moja tu: unamwambia mtu, niuzie ngano ya mwaka huu, na akishauza kazi yake imekwisha. Ipo hati ya jumla, ambayo mwenye nayo anaweza kufanya kila unachoweza kufanya wewe: kutoa akiba, kukopa, kuuza shamba. Na katika hizo, angalia kama imeandikwa neno "ya kudumu." Ya kawaida hufa siku akili yako inapokutoka. Ya kudumu haifi siku hiyo. Ndiyo kwanza inapata nguvu, kwa sababu wewe huwezi tena kuibatilisha. Nyingine huamka mara tu unapotia sahihi. Nyingine hulala mpaka daktari aandike kwamba hujiwezi. Na mambo ya mwili wako, uishi wapi, nani akuogeshe, hayo huandikwa katika hati yake mbali, lakini watu huyachanganya humo humo, na mtia sahihi hagundui.

Kwa hiyo mpe ya jambo moja. Ngano tu, ya msimu huu tu, na tarehe ya mwisho iandikwe. Usitie sahihi mahali palipo wazi. Mashahidi wawe wawili, wasiwe ndugu zako wala ndugu za Danylo, na wote wawili wawe wamekaa hapo wakiuona mkono wako ukiandika. Ama uende kwa wakili, yeye peke yake anatosha, na atataka kukuhoji faraghani. Danylo akikataza usihojiwe faraghani, inuka uondoke.

Nisamehe kwa maneno mengi. Barua hii usimwonyeshe mtu.

Mdogo wako,
Nadia


Zelena
19 Oktoba 2006

Nadia wangu,

Natumai joto la huyo Mreno halijapungua. Huku theluji ya kwanza imeanguka na kuyeyuka, ng'ombe wa jirani wanaingia kwangu kama vile wamealikwa, na kabichi zangu zote nimezitia chumvi. Marusia amevunjika kifundo cha mkono, maskini, na bado anakuja kufinya pirohi.

Barua yako ilichelewa. Ilikuwa imefunguliwa upande mmoja na kubandikwa kwa gundi ya karatasi. Danylo anasema mashine za posta siku hizi zinatafuna kila kitu. Ndiye anayekwenda posta, kwa sababu funguo za gari ziko kwake tangu nilipogonga nguzo ya lango. Niligonga kidogo tu.

Ilipofika nilikuwa nimeshatia sahihi. Usinikasirikie. Nilimwambia sawasawa na ulivyosema kabla sijasoma ulivyosema, kwamba iwe ya ngano tu, naye akanijibu, "Ngano tu, Mama Mkubwa, na vitu vidogo vinavyoendana na ngano." Ilikuwa Jumatano, tuko kanisani, meza ndefu imejaa unga, wanawake wamejipanga huku na huku wanafinya. Mimi zamu yangu ilikuwa sufuriani. Akaja na karatasi jikoni, mvuke umejaa, nikaifuta mikono nikatia sahihi juu ya kifuniko cha jokofu. Kurasa zilikuwa nyingi kuliko ngano. Kila moja aliniambia niweke herufi za jina.

Kisha akaipeleka kule mezani, ikapita kutoka mkono hadi mkono, vile tunavyopitisha karatasi ya zamu za usafi. Unatujua. Kikija kitu chenye mstari mtupu, mtu wa kwetu anatia jina. Walitia sahihi Zonia na Marusia pale palipoandikwa shahidi, na mjane wa Hnatiuk naye akatia, hajui hata ni ya nini, ikabidi wamkate kwa kalamu. Zonia alinipigia kelele kutoka kule, "Olha, unaolewa tena? Mchumba mwenyewe nimuone." Tulicheka sana.

Mwanao ni mtu mzuri, Nadia. Ananichemshia chai bila kuombwa. Mbona hata salamu hukumtumia?

Dada yako,
Olha


Hamilton
30 Oktoba 2006

Dada Olha,

Afya yangu ni ile ile. Nimesoma barua yako nikaketi kitandani nayo, nikaisoma tena.

Nataka unifanyie jambo moja. Itafute hiyo hati. Usimwombe Danylo akusomee, isome mwenyewe, karibu na dirisha. Tazama kama kuna maneno "ya jumla" na "ya kudumu." Tazama kama inataja nyumba, shamba, na mahali utakapoishi. Kama huwezi kuisoma kwa sababu ya jicho, mpelekee padri kijana, kazi ya kusoma anaiweza.

Na unijibu hili bila mzaha: Zonia na Marusia walikuwa wapi wakati unatia sahihi? Uliandika kwamba wewe ulikuwa jikoni. Wao walikuwa mezani. Je, waliuona mkono wako? Kuna cheti mwishoni ambacho shahidi anathibitisha kwamba alikuona ukitia sahihi na kwamba ulielewa. Kama wamekitia sahihi bila kuona, hati hiyo ina kasoro.

Nyumba yangu usiniulize. Nakuomba kwa roho ya mama yetu.

Salamu za kumtumia Danylo sina.

Nadia


Zelena
3 Desemba 2006

Mdogo wangu,

Amani ya mfungo wa Noeli iwe nawe. Nimeloweka ngano ya ule uji wetu wa kutia kwa ajili ya Mkesha, nimesaga mbegu za popi, mikono yangu bado inajua kazi yake. Kuna siku kichwa hakijui. Juzi niliacha sufuria motoni nikatoka kulisha kuku, halafu nikakumbuka kwamba sina kuku tangu Stefan alipofariki. Nilisimama uani na bakuli la mahindi. Danylo aliniona kutoka dirishani. Alikuja akanishika kiwiko akanirudisha ndani, na sufuria alikuwa ameshaizima.

Niliitafuta hati kama ulivyosema. Iko kwenye kabati la Stefan, ambalo sasa lina kufuli. Ilibidi nimsubiri Danylo aende kununua mafuta ya gari. Funguo huziweka ndani ya kikombe, kama baba yetu, wanaume wa ukoo huu hawana akili ya kuficha. Niliisoma dirishani. Ni ya jumla, Nadia. Ni ya kudumu. Imeamka siku ile ile ya sahihi. Nyumba imo, ardhi yote imo, na mahali pa kuishi mimi pamo pia. Kuhusu ngano hakuna neno hata moja.

Nikamuuliza Zonia Jumatano. Nikamwambia, "Shoga, wewe uliniona nikitia sahihi?" Akasema, "Niliona sahihi yako." Nikamwambia sikuulizi hivyo. Akatupa donge la unga mezani: "Sasa unataka kuniita mwongo mbele ya watu? Mpwa wako anasukuma theluji mlangoni kwangu kila akipita, hajawahi kuniomba hata senti, na wewe unaniuliza maswali ya polisi." Marusia aliinamisha kichwa, akaendelea kufinya. Hakuna aliyezungumza na mimi mpaka tukaosha vyombo.

Danylo anataja nyumba ya wazee ya mjini. Anasema kwa upole. Anasema, "Tutatazama tu, Mama Mkubwa, kutazama si kuhama." Sauti yake haipandi kamwe, na hilo ndilo linalonitisha. Baba yetu alipokuwa na hasira sahani zilijua. Huyu sijui anapokuwa na hasira anakuwaje.

Basi nakuuliza, na usinijibu habari za ngazi na nyonga. Mwanao alikufanya nini?

Na nakuuliza la pili. Kama hati hii inaweza kuvunjwa na nyingine kuandikwa, naweza kuandika jina lako? Uje ukae nami. Chumba cha kusini kinapata jua siku nzima. Tungegombana kila siku kama zamani na nisingekuwa peke yangu.

Nampa barua hii mwendesha gari la shule aiposti, anaheshimu wazee.

Olha


Hamilton
6 Januari 2007

Dada yangu,

Leo ni Mkesha Mtakatifu kwa kalenda yetu na nimejipikia uji wa kutia peke yangu, kikombe kimoja. Niliacha kiti kimoja kitupu mezani kwa ajili ya marehemu, halafu nikaona vyote ni vitupu, nikacheka. Natumai kwako kuna mshumaa ndani ya mkate.

Barua hii naituma kwa anwani ya Zonia. Nimemwandikia na yeye, nimemwomba akupe mkononi.

Danylo aliuza nyumba yangu. Nimeshalisema. Nilipolazwa kwa ajili ya nyonga nilimwandikia hati ya jumla, ya kudumu, ya kuamka papo hapo, kwa sababu ni mwanangu na nilikuwa na hofu ya kisu. Niliporudi kutoka hospitali ya mazoezi, alinipeleka moja kwa moja kwenye chumba hiki. Vitu vyangu vilikuwa vimeshapangwa. Picha za mama zilikuwa ukutani, zimenyooka vizuri. Akaniambia, "Mama, ngazi zile zingekuua." Fedha zilikwenda kwenye madeni yake, sijui ya nini, sikupata kujua. Nilikwenda kwa wakili. Aliisoma hati yangu mara mbili akaniambia haina kasoro hata moja. Mashahidi wangu walikuwa wauguzi wawili, wageni kabisa, walikaa pembeni ya kitanda wakanitazama nikiandika. Kila kitu kilifanywa kama sheria inavyotaka. Aliniambia naweza kumshitaki kwa jinsi alivyoitumia, lakini nitapanda kizimbani nimtaje mwanangu kuwa mwizi, chini ya kiapo. Sikuweza. Nimeona haya kumwambia mtu yeyote, na wewe zaidi ya wote, maana wewe ndiye mama yake wa ubatizo.

Sasa nisikilize. Hati yako ni tofauti na yangu. Yako ni mbovu. Mashahidi wako hawakukuona, na hiyo ndiyo bahati yako. Benki au msajili wa ardhi akiambiwa hivyo, hataipokea. Nenda kwa wakili yeyote mjini, mwambie ukweli wa ile meza, kisha uandike barua ya kuibatilisha, itiwe sahihi kwa taratibu, nakala ipelekwe benki. Lakini fanya sasa. Ili kubatilisha ni lazima akili yako iwe timamu, na wakili atakupima. Usisubiri majira ya kuchipua. Uliyoandika kuhusu kuku yamenikosesha usingizi.

Kuhusu jina langu. Dada, siwezi. Nyonga hainiruhusu kusafiri kwenye barafu, na mwenye nyumba ameniahidi chumba kikubwa zaidi mwezi wa nne. Na hata ningekuwa na miguu ya msichana, nikiwa mwakilishi wako nitalazimika kukaa meza moja na Danylo, nimwambie toa funguo, toa vitabu vya benki, nimtazame usoni. Mimi nilimnyonyesha. Usiniombe hilo. Tafuta mtu mwingine, labda binti wa Marusia, labda padri. Yuko mtu. Lazima awepo.

Nisamehe. Nakubusu mikono yote miwili.

Nadia


Zelena
17 Februari 2007

Mdogo wangu Nadia,

Natumai nyonga imetulia na kile chumba kikubwa hajapewa mtu mwingine. Huku baridi imekuwa kali hadi misumari inalia kutani. Mimi mzima wa mwili. Marusia amefunguliwa plasta.

Barua yako ilifika. Zonia hakunipa mkononi. Alimpa Danylo alipokuja na koleo kumsafishia mlango. Sijui kama alifanya kwa chuki au kwa woga wa jina lake kutajwa. Tangu hapo hajaja kwenye pirohi.

Danylo hakunificha. Alinikalisha jikoni akanisomea mwenyewe, kwa sauti, tangu kikombe kimoja cha kutia mpaka mabusu ya mikono. Hakuruka neno. Alipofika pale pa nyumba yako hakuinua macho na sauti yake haikubadilika, alisoma kama mtu anayesoma habari za hali ya hewa. Pale uliposema ulimnyonyesha, alikunywa maji. Alipomaliza aliikunja kwa mikunjo yako ile ile akaniambia, "Mama anasema kweli kuhusu mashahidi. Tuliharakisha. Twende tukaiandike vizuri."

Nilimjibu sitaki. Akasema, "Sawa, Mama Mkubwa." Akaenda kukata kuni. Siku iliyofuata akasema tena twende, na iliyofuata, kwa upole ule ule, na kila mara ananiwekea chai.

Kuna jambo sikukuandikia, na sasa lazima nikuandikie nikiwa bado nalijua. Daktari aliniambia tangu kiangazi, kabla Danylo hajaja. Si jicho. Ni kichwa. Alinionyesha picha ya ubongo wangu, akanionyesha sehemu zinazofifia. Alisema nina miezi ya kuwa mimi, labda mwaka, na ndani ya muda huo nichague mtu wa kunisimamia. Sikukuambia kwa sababu nilitaka uje kwa kunipenda, usije kwa kunihurumia. Na wewe hukuniambia habari za nyumba. Tumeandikiana vizuri sana sisi wawili.

Basi tulikwenda mjini. Wakili ni mtu wa makamo, wa kwao ni Waaislandi, macho meupe. Alimtoa Danylo nje na kufunga mlango, kama ulivyosema atafanya. Nilijua nitahojiwa, na nilikuwa nimejiandaa usiku mzima kama mtoto wa mtihani. Aliniuliza ni mwaka gani, nani waziri mkuu, nina ardhi kiasi gani, ndugu zangu ni akina nani. Nilijibu vyote. Aliniuliza kama kuna anayenilazimisha. Nikamweleza ile meza ya pirohi, wote, Zonia na Marusia na mjane wa Hnatiuk aliyekatwa kwa kalamu. Alicheka bila kutaka, kisha akasema ile hati haifai hata kuwashia moto, na akanisaidia kuibatilisha. Niliandika jina langu nikajisikia mwepesi. Kwa muda ule nilikuwa mtu huru kabisa, nataka ulijue hilo, nilikaa kwenye kiti chake cha ngozi sina mwakilishi yeyote duniani.

Halafu akaniambia hali ilivyo. Kwamba nikiondoka hapo bila hati, na akili ikanitoka, ofisi ya serikali itachukua mambo yangu. Mtu nisiyemjua, mwenye majalada mengi mezani, ataamua nilale wapi na nizikwe na padri gani. Nikamuuliza kuhusu kuandika wawakilishi wawili washikane mikono, na kuhusu ile inayolala mpaka madaktari waseme, na ya jambo moja moja. Alishangaa. "Mama, nani amekufundisha haya yote?" Nikamwambia mdogo wangu, amesomea Hamilton.

Nimemwandika Danylo. Ni ya jumla, ni ya kudumu, na imeamka. Karani wa wakili na mwanamke wa ofisi ya bima ya jirani waliitwa, wote wawili si ndugu wa mtu yeyote, wakavuta viti karibu na wakautazama mkono wangu toka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Wakili naye aliweka cheti chake na daktari ameandika kwamba siku hiyo nilikuwa timamu. Haina kasoro, Nadia. Hata wewe ungeikagua usingepata pa kuingiza sindano.

Shamba litauzwa barafu ikiyeyuka. Yeye hajasema, lakini mwuza mbegu alinipa pole, ndipo nikajua. Nyumba ya wazee nimeshaiona, ina harufu ya supu. Barua zako kuanzia sasa andika kwa jina lake kwanza, ndivyo hati inavyosema, naye atanisomea. Anasoma vizuri.

Usidhani nilisahau alichokufanyia. Sikusahau, siku ile nilikumbuka kila kitu, ndiyo maana sahihi yangu inakubalika. Na sitakudanganya kwamba sikulaumu. Nakulaumu, na nakupenda, na sijui ni lipi litanitoka kwanza.

Wakili aliweka kalamu chini kabla hajaandika. Akasema, "Mama, naona huna furaha na jina hili. Nina muda. Kama si yeye, nimwandike nani?" Binti wa Marusia ana watoto wake watano, padri atahamishwa kabla ya Pasaka. Yeye akanisubiri kwa adabu, saa ya ukutani inapiga. Nilikuwa na jina moja tu jingine, Nadia, nalo lilikuwa limeshanijibu.

Dada yako,
Olha